Hedifoni na Ukuta Usiofika Juu

Banda la gemu la mama mdogo ni chumba cha mbele cha nyumba yake, kwenye njia inayotoka mjini Tukuyu kwenda Kawetele. Ndani kuna televisheni mbili, kila moja na mashine yake ya gemu, na kwenye kona kuna kompyuta ambayo wapenzi wa gemu za vita huigombania. Upande wa pili wa ukuta anaishi bibi mmoja mjane. Nyumba ni moja na bati ni moja. Ukuta wa kati unaishia kwenye kenchi za paa, na dari hakuna. Bibi akikohoa kwake, sisi tunasikia. Sisi tukifunga goli, bibi anasikia.

Kila Jumatano alasiri jumuiya yake ya kanisa husali sebuleni kwake. Alituvumilia muda mrefu, maana ni mtu mpole na mama mdogo humpelekea ndizi. Lakini Jumatano moja walikuwa wanamwombea mgonjwa, na katikati ya maombi mtangazaji wa mpira kwenye televisheni yetu akapayuka kana kwamba dunia inaisha. Kesho yake bibi alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mwenyekiti alikuja akasimama mlangoni. Kiti alipewa, akakataa. Alimwambia mama mdogo kwamba yeye hana ugomvi na michezo, hata wanawe hucheza hapa, ila Jumatano ijayo atakwenda kukaa kwa bibi mwenyewe. "Nikisikia gemu," alisema, "banda linafungwa siku hiyohiyo. Sitarudi kuongea mara ya pili."

Jioni, tukimenya ndizi jikoni, mama mdogo aliniambia bila hasira yoyote kwamba banda likifungwa itabidi niende Dar es Salaam kwa mjomba, nikamsaidie dukani Kariakoo. Niliendelea kumenya. Mimi nilimaliza darasa la saba nikabaki nyumbani, na kuongea na watu kunanichukua muda. Neno likifika mdomoni, aliyeuliza ameshapita. Bandani hakuna anayenidai maneno. Kijana anaingia, ananyoosha kidole kwenye mashine anayoitaka, mimi nawasha. Duka la mjomba nililiona mara moja. Wanasimama barabarani wanawaita wapita njia na kuwashika mikono. Ningemwita nani mimi?

Mama mdogo ndiye aliyesema tununue hedifoni. Na kwa kuwa mimi ndiye ninayezijua hizo mashine, niende Mbeya nikachague.

Kabla ya kwenda nilikaa bandani asubuhi moja nikichungulia nyuma ya televisheni kwa tochi ya simu. Pedi zetu za kuchezea ni zile za bei rahisi, hazina tundu la hedifoni, kwa hiyo sauti ingetoka kwenye televisheni. Huko nyuma kuna tundu moja tu, na wachezaji ni wawili. Basi nilihitaji waya wa kugawa, wenye pini moja upande huu na matundu mawili upande ule. Kompyuta nayo ina matundu mawili, la kijani la kusikilizia na la pinki la maiki, wakati hedifoni za siku hizi zina pini moja inayobeba vyote. Nayo ingehitaji waya wake wa kugawa, tofauti na ule wa kwanza. Haya niliyashika kichwani.

Lakini kilichonisumbua hasa kilikuwa mvua. Ikinyesha huku kwetu, juu ya bati, hata mtu aliye karibu nawe lazima akupigie ukelele. Vijana huomba sauti iongezwe, unaongeza, mvua inakatika, na hakuna anayekumbuka kuipunguza. Ndivyo kelele zetu zilivyomfikia bibi. Nikaamua kwamba hedifoni nzuri ni ile inayoishinda mvua.

Dukani Mwanjelwa, huko Mbeya, nilisimama nje kwanza, nikajifanya naangalia chaja. Muuzaji aliniona.

"Karibu bosi. Unatafuta nini, sabufa?"

Nilimwonyesha hedifoni zilizoning'inia. Akaanza kuzishusha moja baada ya nyingine, huku akieleza besi, taa zinazobadilika rangi, na zile zisizotumia waya. Zisizotumia waya nilizirudisha, maana televisheni yetu ya zamani isingezielewa, na vijana wangezisahau bila kuzichaji. Za sponji nyembamba zilikuwa nyepesi na bei yake nzuri, lakini nilipozivaa nilisikia kila kitu cha barabarani, mpaka kondakta akigombana na abiria. Nikazirudisha pia. Mwisho nikashika zile nene za ngozi ya bandia, zenye maiki pembeni, zinazofunika sikio lote kama bakuli.

Hapo ilibidi niseme. Nilimwomba anichomekee kwenye televisheni ya duka kisha aende akagonge mlango wa chuma.

"Nigonge mlango?"

"Kama mvua," nikamwambia.

Alicheka, lakini alikwenda akaugonga kwa ngumi zote mbili. Nilikuwa nauona mlango ukitikisika, na masikioni mwangu kulikuwa na muziki tu. Midomo yake ikaniuliza vipi. Nikamjibu kwamba hizihizi, nipe tano. Mama mmoja na binti yake waliokuwa wakichagua redio wakageuka wote wawili kunitazama. Nilidhani wanashangaa ushamba wangu wa kugongesha watu milango.

Jumatatu mvua ilinyesha, Jumanne ikanyesha. Nilizima spika zote, wachezaji wakavaa bakuli zao, na kwa mara ya kwanza walisikia gemu vizuri chini ya mvua. Waliniita injinia. Dereva mmoja wa bodaboda, mteja wetu wa kila siku, alisema sasa anasikia hadi nyasi za uwanjani. Mama mdogo alisimama mlangoni akaangalia televisheni zinazocheza bila sauti, akatikisa kichwa na kurudi jikoni. Nilianza kulala vizuri.

Jumatano haikunyesha. Mbingu ilikuwa nyeupe na bati lilinyamaza. Nilimsikia mwenyekiti akiingia upande wa pili, akisalimiana na akina mama, kiti kikivutwa karibu kabisa na ukuta wetu. Mama mdogo alikaa kwenye stuli yake, khanga ameikunja mapajani. Bandani alikuwamo yule dereva wa bodaboda akicheza na rafiki yake, na kwenye kompyuta alikuwepo mwanafunzi mmoja wa sekondari, bingwa wa gemu za vita. Nilikagua kila pini. Televisheni zilikuwa bubu.

Waliimba. Wakasoma neno. Kisha bibi akasema kila mtu aombe moyoni mwake, na kukawa kimya hata nikasikia kuku akiparua nje.

"Nimekuua!" dereva wa bodaboda akapaza sauti. "Kalale! Kamwite na mama yako aje akusaidie!"

Ilikuwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Nilimshika bega. Aligeuka akitabasamu, ametulia, kana kwamba amenong'ona tu, akaniuliza "Nini?" kwa sauti ileile. Kwenye kona mwanafunzi naye akawapayukia askari wake wa kwenye gemu, kwa nguvu kama hiyo, kwamba wanamharibia vita.

Upande wa pili kiti kikasogezwa. Walimaliza maombi yao, hawakuyafupisha, na hicho ndicho kilichonitesa. Mwenyekiti hakuja mbio. Aliimba wimbo wa mwisho, akapokea baraka, ndipo akatokea mlangoni kwetu na kumwambia mama mdogo achomoe nyaya.

Mama mdogo alisimama. Hakubisha. Dereva wa bodaboda ndiye aliyebisha, hedifoni ikiwa shingoni.

"Mwenyekiti, haki ya Mungu nilinong'ona. Muulize huyu."

Huyu ni mimi. Nilimtazama usoni nikaona hadanganyi. Aliamini kabisa kwamba alinong'ona. Ndipo nilipowakumbuka yule mama na binti yake kule dukani, jinsi walivyogeuka nilipomjibu muuzaji. Hizi hedifoni zilikuwa zinaziba mvua, na zilikuwa zinaziba pia sauti ya mwenyewe. Mtu asiyejisikia hupaza sauti.

Mama mdogo alikuwa tayari ameinama kwenye soketi. Nilitaka kueleza, na maneno yakakataa kuja kwa mpangilio. Nikaichukua hedifoni shingoni mwa dereva nikampa mwenyekiti kwa mikono miwili.

"Vaa, mzee."

"Nivae ili iweje?"

"Vaa tu, shikamoo," nikasema, kwa kuwa neno jingine la heshima sikulipata upesi. "Halafu useme kitu."

Nadhani alishangaa kunisikia. Alivua kofia, akavaa, na mimi nikaongeza sauti kidogo ya mpira. Akanyoosha kidole kwenye televisheni.

"Mimi sikuja hapa kucheza!" akanguruma. "Nimekuja kufunga!"

Upande wa pili wa ukuta bibi akasema, taratibu, "Mwenyekiti, na wewe tena?"

Dereva wa bodaboda alitoka nje acheke huko. Mwenyekiti alivua, akauliza kama kweli alisema kwa sauti. Mama mdogo akamjibu, "Umepiga kelele, mzee. Kanisa zima limesikia." Mwenyekiti aliigeuza ile hedifoni mkononi, akaibonyeza sponji yake kwa kidole gumba. Kisha akasema anatupa Jumatano moja tu, na kwamba safari hii hatavaa kitu.

Kurudi Mbeya kubadilisha hatukuweza. Nilibaki na zilezile bakuli na siku chache. Kwa wacheza mpira dawa ilikuwa rahisi: bakuli moja sikioni, lingine nyuma ya sikio, ili mtu ajisikie anapoongea. Niliwafundisha kwa kuwavisha mwenyewe, maana kuwaambia hawakunisikia. Walilalamika, wakazoea. Lakini mwanafunzi wa kompyuta alikataa. Kwenye vita, alisema, nyayo za adui huja kushoto au kulia, na unapona kwa kujua upande. "Kwa sikio moja nakufa bila kumjua aliyeniua. Bora nikacheze kwa wengine." Wenzake walikuwa wanamfuata popote anapocheza, na mama mdogo alilijua hilo.

Ijumaa asubuhi, banda likiwa halijafunguliwa, nilikaa mbele ya kompyuta nikifungua mipangilio ya sauti. Imeandikwa Kiingereza, na mimi husoma polepole hata Kiswahili. Nilibonyeza kitu, nikasikiliza, nikakirudisha. Nilichotafuta ni kama kuna njia ya kuichukua sauti inayoingia kwenye maiki na kuirudisha masikioni mwa anayeongea. Nilirudi mwanzo mara nyingi. Kuna wakati niliizima sauti yote nikahangaika mpaka ikarudi. Kisha nikaweka alama ya vema kwenye kisanduku kimoja kidogo upande wa maiki, nikakohoa, na kikohozi kikanirudia ndani ya masikio.

"Moja," nikasema. Ikarudi. "Mbili tatu."

Nilisema jina langu. Nikalirudia. Nilikaa pale nikisema vitu vya kijinga, majina ya ndizi, majina ya vijiji, Masoko, Kisondela, mpaka mama mdogo akaniita kuuliza naongea na nani.

Mwanafunzi alipokuja alivaa, akasema neno moja kwa nguvu yake ya kawaida, akashtuka na kujishika mdomo. Baada ya hapo alicheza kwa sauti ya mtu aliye karibu na mtoto aliyelala.

Jumatano ya pili mvua haikunyesha tena. Mwenyekiti alikaa palepale ukutani. Dereva wa bodaboda alifungwa goli tatu akauma kola ya shati lake. Walipofika kwenye maombi ya kimya nilisimama katikati ya chumba, na nilikuwa naweza kuzisikia pedi zikibonyezwa. Kile kimya kilikuwa kirefu kuliko cha wiki iliyopita. Hakuna aliyesema kitu, huku wala kule. Wakaimba wimbo wa mwisho.

Aliyekuja mlangoni hakuwa mwenyekiti. Alikuwa bibi, peke yake, na fimbo yake, na Biblia kwapani. Hakuwahi kuingia bandani tangu lifunguliwe. Sote tulisimama tukampa shikamoo. Mama mdogo alimvutia stuli, naye akakaa, akaangalia mashine, akaangalia vijana wenye bakuli moja sikioni.

"Mmekaa kimya leo," alisema. Mama mdogo alianza kumshukuru. Bibi akainua kiganja. "Mimi sikuomba hata neno moja. Nilikaa nangoja mpige kelele. Nikifumba macho, nangoja. Nimechoka fijo, nimechoka sana, kuliko siku ile."

Mwenyekiti alikuwa amefika nyuma yake, na mama mdogo alimtazama yeye, kisha akazitazama soketi. Nilijua anawaza nini. Kama kelele ni kosa na kimya nacho ni kosa, limebaki nini?

Nikaongea mimi. Sikujua kama nitaweza mpaka niliposikia nimeanza.

"Bibi, saa ya maombi tutazima. Tutatoka nje wote na kufunga mlango. Utajua kwamba humu hamna mtu."

"Wote?"

"Wote, bibi. Nitafunga mwenyewe."

Dereva wa bodaboda aliguna, mama mdogo akamkazia macho. Bibi akamuuliza mwenyekiti, bila kugeuka, kama amesikia. Mwenyekiti akasema amesikia.

"Na siku nyingine?" mwenyekiti akauliza.

"Siku nyingine wacheze," bibi akasema. "Mimi siku nyingine huomba usiku, mkishafunga." Akanyoosha mkono nimsaidie kuinuka. "Ndaga, asante, mwanangu. Ulikuwa na ulimi, kumbe."

Nilimshika mkono hadi kwake. Niliporudi, mwenyekiti alikuwa ameondoka, na mama mdogo amempigia mjomba simu kumwambia atafute kijana mwingine wa dukani.

Tangu hapo, Jumatano alasiri nafunga banda. Vijana hukaa kwenye ukingo wa barabara wakinilalamikia kwamba nimewauza kwa bibi, kwamba ningenyamaza kama kawaida yangu wangekuwa wanacheza. Mimi huwajibu. Si kwa maneno mengi.