Mbege Isiyoonjwa

Jumamosi ya kwanza ya Juni mwaka huu, mwanangu alinipeleka Njoro kula chakula cha mchana katika lile jengo la mawe la zamani za Wajerumani. Alidhani angenifurahisha. Huenda nawe, msomaji wangu, umelipita: wamelipaka rangi, wameweka viti vya mito, na ukutani wameandika kwamba humo hupikwa vyakula vya asili.

Humo ndimo bibi yangu mzaa mama alimoendeshea kilabu chake cha mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Nilimsaidia tangu Januari niliyotimiza miaka saba hadi Desemba iliyotangulia kuanza kwangu shule, nikiwa tayari na miaka kumi na miwili. Nilimenya ndizi za mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, hadi vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, nikapuliza moto, nikasikiliza mafuta ya nyama yakilia juu ya makaa. Harufu ya ulezi uliochacha ilikaa katika nguo zangu hata kanisani.

Bibi hakumpa mtu kata ya mbege kabla ya kuinywa kidogo yeye mwenyewe, mbele ya macho ya mnywaji. “Ninachokupa nimekionja,” alisema. Siku moja majirani wawili waliogombania mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, walikaa pembe mbalimbali. Bibi alionja, akampa aliyekuwa mkubwa kwa umri, akamwagiza aonje kisha ampelekee mwenzake. Alipokataa, bibi alitangaza kwamba nyama haitatoka jikoni. Kilabu kizima kiliwageukia. Mlevi mmoja akauliza kama ule mpaka unachomeka ukaliwa kwa chumvi badala ya nyama. Yule mkubwa alikunywa, akainuka, akapeleka.

Jumamosi ile, binti mhudumu aliniamkia vizuri, akaniwekea mbege katika bilauri. Nikamwomba aonje kwanza.

“Haturuhusiwi, bibi. Meneja anasema ni uchafu.”

Uchafu. Ndani ya kuta zilezile. Nilikataa kinywaji, nikakataa na chakula.

“Mama, watu wanatutazama.”

“Waache watazame. Ndicho kitu pekee cha asili watakachokiona hapa.”

Binti alitufuata hadi mlangoni.

“Samahani, bibi. Kwani mlikuwa mnaonja kwa nini?”

Aliuliza kwa adabu, kwa lafudhi ya huku kwetu mlimani, na hapo ndipo uchungu uliponizidi. Jengo wamelihifadhi, hata bawaba za milango wamezitia mafuta. Binti wa Kichaga aliyekabidhiwa mbege hakuna aliyemwambia maana ya kuionja. Nikamweleza palepale kwamba anayeonja mbele yako anakuonyesha hakukutilia sumu wala hana kinyongo nawe, wageni wakisubiri nyuma yake.