Shemeji alifuta galaksi yangu ili arekodi harusi

Wakuu, za muda. Naandika nikiwa na hasira, ila chumvi sijatia.

Mimi ni fundi simu hapa Kibiti. Napiga picha za nyota kwa kamera ya mtumba niliyoifunga kwenye ubao wenye bawaba, kazi ya seremala wa mtaani. Nyota zinasogea, nami nazungusha skrubu kwa mkono ili kamera izifuate. Basi, ndiyo mitambo yangu hiyo.

Hapa mjini taa zimeharibu anga. Mwezi wa kumi nikaenda Kiongoroni kwa wakwe, huko delta, mto unakoingia baharini. Giza la kule ni giza kweli.

Nilikuwa naiwinda Andromeda, galaksi jirani yetu. Kwa macho ni kama unga uliomwagika. Unapiga picha nyingi, unazipanga moja juu ya nyingine kwenye laptop, taratibu inajitokeza. Siku nne, picha mia tatu na kitu. Kadi hiyohiyo ilikuwa na nyota pacha, zile zinazoonekana mbilimbili, nilizopiga tangu Juni.

(Mbu wa kwenye mikoko msiniulize.)

Siku ya tano nikalala mchana. Kuamka, kamera haipo. Bakari, kaka wa mke wangu, kaichukua kurekodi harusi ya jirani. Hakuniamsha.

Jioni karudi anatabasamu. "Kadi ilijaa, shemeji, nikaifomati."

"Hukuangalia kuna nini?"

"Nyeusi tupu, vidoa vidoa. Nikajua zimeungua."

"Zile ni nyota, shemeji."

"Si nyota tu? Leo zitatoka tena."

Sikumpiga. Ila nilitoa maneno yasiyosemwa ukweni.

Mama mkwe akatoka, akauliza kwa upole: "Baba, hizo picha ulikuwa unampelekea nani?"

Hakuna aliyekuwa anazisubiri. Nilitaka kuziona mimi. Kwani kitu mpaka kiwe na mteja ndiyo kiwe na thamani?

Nilijaribu kuzirudisha. Saa mbili za video ya ngoma za harusi zimekaa juu yake. Zimepatikana kumi na moja, hazitoshi kitu. Vuli ikaingia, mawingu mpaka leo.

Mama nimemwomba radhi. Bakari hajaniomba mimi.

Funzo: hamisha picha kabla hujalala. Kila siku nawahubiria wateja bakapu, mwenyewe nikazembea, na hilo nalo linanichoma.

Mke wangu anasema niyaache, undugu haufutiki. Ingekuwa wewe ungeyaacha? Semeni ukweli, msinipoze.