Dumu la Kumi na Nne

Waitu, ndugu zangu, naombeni niongee nimekaa. Miguu yangu haivumilii kusimama, na sababu yake ndiyo iliyonileta kwenu Kaagya leo. Naitwa Ma Adela, natoka Kamachumu. Mkiona nalia msinipe leso, niacheni nimalize.

Nilikuwa mtunza ghala kwenye jengo moja la kahawa. Miaka mingi funguo zote zilikuwa kiunoni mwangu, na nilijisikia kweli kweli. Jengo lilikuwa na kahawa, magunia, mizani, na chumba cha nyuma ambacho kila kitu kibovu kilitupwa humo. Betri za gari zilizokufa, mafuta machafu ya mashine, taa za mirija zilizovunjika, na dawa za kupulizia mikahawa, nyingine karatasi zake zilishaliwa na mende. Hakuna aliyejua kilichomo wala kinapaswa kwenda wapi.

Bwana afya alikuja mara mbili. Akaniambia, "Mama, kaeni muandike mpango wa taka hatari za jengo hili."

Nikamjibu mbele ya watu, "Bwana afya, takataka nazo ziandikiwe mpango? Kwani zinafunga ndoa?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi ndiye niliyewachekesha.

Sasa, yale madumu ya dawa yakiisha yalikuwa mazuri jamani. Ya bluu, mazito, mfuniko hauvuji. Kuyatupa niliona dhambi. Niliyaosha kwa majivu na maji ya moto, nikayaanika juani, nikagawia watu. Kila mtu alinishukuru. Moja nikabaki nalo mwenyewe.

Binti yangu Jovita alipopata mchumba, wakwe wakaleta habari kwamba wanakuja. Mume wangu, Ta Projesti, akakamua omuramba, ile juisi yetu ya ndizi mbivu. Alikanyaga ndizi mwenyewe kwa miguu yake, anaimba. Vibuyu havikutosha. Nikamwambia, "Tia kwenye dumu langu, ni safi." Akatia. Likakaa mpaka kesho yake, wageni walipofika.

Mnajua desturi yetu. Mwenye nyumba anaonja kwanza, mgeni aone kwamba kinywaji hakina kitu. Ta Projesti akamimina, akanywa kibuyu kizima, akatabasamu. Mimi nikanywa nusu. Baba wa kijana alikuwa ameshanyoosha mkono apokee chake.

Mume wangu akasema, "Adela, mbona kumekuwa giza?" Ilikuwa mchana kweupe. Mate yakaanza kumtoka, mengi, yanafika kifuani. Akaanguka. Nikamkimbilia, na mimi tumbo likanikata, nikajiharishia pale pale mbele ya wakwe zangu, nimevaa kitenge kipya. Nilitapika. Jasho lilinilowesha, na nyama za mapaja zikawa zinacheza zenyewe chini ya ngozi. Mawe, mama yangu! Nilitaka kuita, nikakuta pumzi haitoki.

Majirani walitubeba. Hospitalini daktari alinifunua macho akaniangalia. Nilimsikia akisema, "Mboni zimekuwa kama tundu la sindano. Hii ni dawa ya wadudu. Wamekula nini?"

Jovita akajibu, "Omuramba tu, daktari. Imetoka kwenye dumu la mama."

Walinichoma sindano nyingi, wakanitia mpira kooni nipumue. Nilipotolewa mpira niliuliza, "Ta Projesti yuko wapi?" Muuguzi akaanza kunirekebishia shuka. Hapo nikajua. Walimzika mimi nikiwa bado kitandani.

Bwana afya alikuja kunisalimia. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Nikamwambia niliosha, naapa niliosha kwa majivu. Akaniuliza kama ule mkono wa dumu, wa kushikia, niliuosha kwa ndani. Ule mkono una uwazi ndani, waitu. Dawa inabaki humo, na dumu likijazwa na kuinamishwa, inatoka.

Nilirudi nyumbani naona nimepona. Wiki chache baadaye nyayo zikaanza kuwaka moto, kisha zikafa ganzi. Nikawa natambaa kwenda chooni. Jovita ndiye aliyenisafisha. Wakwe hawakurudi, walisema sisi tulitaka kuwaua. Nilimuomba Mungu anichukue na mimi. Sioni aibu kuwaambia hivyo, hata leo zipo asubuhi ninazomuomba.

Nilipoweza kutembea kwa fimbo, nilimwita bwana afya, tukaandika ule mpango niliouchekea. Chumba kwa chumba. Kilichomo, hatari yake, kinakaa wapi, ufunguo anao nani, kikiisha kinachukuliwa na nani. Dumu tupu linasuuzwa mara tatu, yale maji yanarudi kwenye bomba la kupulizia, halafu linatobolewa na kufungiwa lisubiri kuchukuliwa. Kuandika kulituchukua siku tatu tu. Siku tatu, na mume wangu angekuwa hai.

Nawashukuru majirani walionibeba na uchafu wangu. Namshukuru daktari, na Mungu pia, ingawa naye bado tuna maneno. Wewe unayeumwa, usikate tamaa ya mwili; unaweza kupona kuliko unavyotaka.

Lakini sikuja kwa ajili ya hayo. Niligawa madumu kumi na matatu, langu la kumi na nne. Nimepita nyumba hadi nyumba na fimbo yangu. Moja nililikuta na uji wa watoto, nikaumwaga mbele ya mama yao, akanitukana. Nimeshatoboa kumi na mawili, na langu pia. Limebaki moja.

Alilichukua mama mmoja mpita njia, ana mtoto mgongoni. Alisema anarudi kwao Kaagya, anataka la kuwekea maji ya kunywa. Ni la bluu, mfuniko mwekundu. Tafadhalini, mkitoka hapa nendeni mkaangalie jikoni kwenu, na kwa jirani. Sikumuuliza jina. Aliniuliza kama ni salama, nikampigapiga begani, nikamwambia, "Nimeshaliosha mwenyewe, mwanangu, wewe tia maji tu."