Siku Tuliyompasua Pono Ruiri

Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili wa kufundisha sayansi kwenye shule ya msingi huko Ruiri, mahali ambapo mtoto hujua matumbo yote manne ya ng'ombe kabla hajajua kusoma. Siku moja nilikuwa nikieleza jinsi wanyama wanavyosaga chakula, msichana mmoja wa dawati la mbele akainua mkono.

"Mwalimu, mbuzi akienda haja tunaona njiani. Samaki wa baharini huenda wapi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Kama ni humo humo majini, si anakunywa uchafu wake?"

Bahari sikuwa nimeiona, na nyumbani kwetu samaki aliitwa nyoka wa majini, hakukanyaga jikoni. Nikamwomba msichana anipe hadi Ijumaa.

Alhamisi baada ya masomo nikaenda Meru mjini. Upande wa Kinoru palikuwa na mzee Mwislamu mwenye bucha, ambaye mara moja kwa wiki aliuza pia samaki wa Mombasa waliofika ndani ya barafu. Nilipomweleza shida yangu alicheka mpaka akaweka kisu chini. Kisha akanichagulia samaki wa buluu mwenye meno kama mdomo wa kasuku.

"Huyu ni pono, Mwalimu. Sitamtoa matumbo. Mpasue mbele ya watoto, waone mnyama anayekula mawe."

Usiku ule nilisoma kitabu changu cha chuo, ukurasa kwa ukurasa. Asubuhi nikamlaza pono juu ya gazeti. Wengine walifunika pua, wengine wakapanda madawati waone vizuri. Tumbo kama la mbuzi hatukulipata. Ulikuwa utumbo tu, mrefu, umejikunja. Msichana akaukamua mwisho wake, zikatoka chembe nyeupe.

"Mchanga!"

Nikawaeleza kwamba pono huguguna matumbawe apate mwani, huyasaga kwa meno yaliyo kooni, na yasiyofaa mwilini huyatoa nyuma yakiwa mchanga. Nikafunua shavu lake, nikawaonyesha matamvua mekundu anayopumulia. Hapo ndipo chumvi na sehemu kubwa ya uchafu wa damu hutokea. Mkojo wenyewe ni kidogo sana.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mkaguzi wa shule, na hatukuwa tumeambiwa anakuja.

"Hii ni shule ama ni bucha?"

Msichana ndiye aliyemjibu. "Tunatafuta choo cha samaki, Bwana Mkaguzi."

Akamweleza yote, hata ule mchanga. Mkaguzi akavua koti, akainama juu ya pono.

"Nilipooa nilimpeleka mke wangu Mombasa," akasema polepole. "Tulilala kwenye mchanga huo. Na maji nikameza."

Tulicheka mpaka mwalimu mkuu akaja mbio. Msichana akamhurumia mgeni wetu. "Bahari ni kubwa, Bwana. Na uchafu wa samaki ni mbolea ya mwani."

Saa ya chakula tulimkaanga pono jikoni mwa shule. Mkaguzi akachukua kichwa. Mimi nikaweka mdomoni kipande changu cha kwanza cha samaki maishani, darasa zima likinitazama kama nitaanguka. Nikatafuna, nikameza, nikaomba kingine.