Wimbo wa Shimo la Mawese

Mke wa mwanangu akichemsha mawese mimi hutoka nje, nasingizia moshi.

Kwetu Rumonge matunda ya mchikichi yalikanyagwa shimoni yakiwa bado moto, kwa wimbo. Mtunzi alikuwa jirani yetu, mjane, aliyechanganya Kirundi, kaswida na nyimbo za wapiga kasia wa ng'ambo ya ziwa mpaka zikawa zake mwenyewe. Sisi watoto tulikanyaga tukiitikia. Wimbo ukikatika miguu husita, mafuta yakapoa.

Siku hiyo aliimba: "Wavu, sikulaumu. Naujua mkono unaokuvuta, jana ulikula kwangu."

"Ulikula, ulikula!" niliitikia kuwashinda wenzangu.

Wanawake wakainamisha macho. Nikageuka, nikamwona baba. Yeye ndiye aliyewakusanyia Wajerumani wapagazi, na jana yake alikuwa amemchukua mwana wa pekee wa yule mjane. Miguu ya wenzangu haikusimama. Nikaendelea kuitikia huku baba akinitazama.

Nyumbani hakunipiga. Aliniosha mafuta miguuni mwenyewe, kidole kwa kidole.

"Wimbo muzuri, mutoto wangu. Unamusema nani?"

"Sijui, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akashika mguu wa pili.