Upande wa Ndani wa Sketi

Asubuhi hii nimepiga pasi sketi ya drafti ya binti yangu, na mvuke wa sufu iliyolowa ukanirudisha kwenye zulia la fleti yetu ya utotoni, Silver Spring, Marekani.

Nilikuwa nikitoka shule najifungia ndani kama nilivyoagizwa, navua sketi yangu ya sare na kuitandaza zuliani. Nyekundu na kijani zilipopandana zilizaa rangi ya tatu, ya udongo wa mvua. Mstari mwekundu niliufanya treni iliyomrudisha mama kutoka kwa wazee aliowauguza. Uzi wa njano, mwembamba kama unywele, ukawa basi letu. Kidole changu kilisafiri naye taratibu. Kikifika kwenye pindo, mama naye alitakiwa awe mlangoni.

Siku moja kilifika, simu ikalia.

"Mwanangu, wameniongezea shifti. Wali uko kwenye friji, upashe. Mtu akigonga, usifungue."

Nikamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yangu, kwamba sina shida.

Kisha nikaigeuza sketi, nione kama kwa ndani kuna njia nyingine. Mistari ilikuwa ile ile.