Zamu za Kumsimamisha Farasi

Muuza majani ya mifugo aliniambia kwamba farasi wa mbio akilala chini hata mara moja wiki za mwisho kabla ya kushindana, mbio zote humtoka tumboni zikaingia ardhini, wala hazirudi. Nikaamini. Mimi nna cheti cha masomo ya usiku, tena nimekitia fremu kubwa kuliko dirisha.

Tulikuwa wanne, majirani wa mtaa wa Khuwair ya Kusini: dereva wa gari la maji, fundi cherehani, bibi mjane muuza sambusa, na mimi, mtunza stoo ya vipuri. Farasi wetu jike tulimnunua kwa shirika angali mdogo, tukamlea shambani kwa shemeji yake dereva, huko Barka. Alikuwa akiulaza mdomo begani kwa bibi kama mtoto anayetaka kubebwa. Mimi nikitangaza kwamba vumbi lake litafika hadi Salala, mwisho wa nchi.

Zilipobaki wiki tatu kabla ya mbio zake za kwanza, nikawafikishia wenzangu ile siri.

"Ustadh," fundi alisema, "mbona sisi sote tunalala na kazini tunafika?"

"Wewe unafika umechelewa," dereva akamjibu.

Bibi hakucheka. "Huyu kasoma. Mkimbishia yeye, mtamsikiliza nani?"

Basi tukagawana zamu za kwenda kumlinda shambani. Tulimfunga kamba fupi, kichwa juu; akikunja goti, tunapiga debe tupu ili ashtuke. Fundi ndiye aliyelipiga kwa nguvu kuliko sote.

Wiki ya pili magoti yakachubuka kwa kugonga chini, tukayapaka hina. Akawa anasinzia wima, anayumba, anajishika. Nikawaambia anajizoeza kukata upepo, wakanikubalia. Hata leo nikilikumbuka neno hilo, mate huwa machungu.

Siku ya mbio hakufika hata kwenye mstari wa kuanzia. Alipiga magoti mchangani, watu wakadhani madoido, wakampigia makofi. Kisha akaanguka mzima mzima, mguu wa mbele ukavunjika, vunjiko lisilotibika. Bibi akaketi palepale, akakipakata kile kichwa.

Daktari wa mifugo, msichana mdogo tu, aliyashika makovu ya magoti. "Huwa analala wapi?"

"Halali, binti yangu," bibi akasema, kwa fahari bado. "Wiki tatu hajalala chini. Tumemsimamia wenyewe." Akaninyooshea kidole, ili nami nipate sifa yangu.

Daktari akanigeukia.

"Farasi husinzia wima," alisema, "lakini usingizi wenyewe huupata akilala chini. Akinyimwa, huanguka."